Moshi wa Jumamosi

Kila Ijumaa Awiti alikuwa akikimbizana na jua, na Ijumaa ile jua lilikuwa linamshinda. Maharage yalikuwa bado magumu, kuni zilikuwa mbichi, na Nafuna, binti yake wa darasa la pili, alikuwa amerudi kutoka bombani na nusu ndoo, nusu nyingine ameimwaga njiani akicheza. Chakula chote cha Jumamosi kilitakiwa kiive kabla jua halijazama, maana likizama Sabato imeingia, na Sabato ikiingia nyumbani mwa mumewe, Wanyama, moto hauwashwi. Waumini wenzao wengine walikuwa wakipasha chakula siku hiyo wala hawaoni neno. Wanyama hakutaka hata kusikia. Baba yake kule Bungoma alikula viazi baridi kila Jumamosi mpaka akaingia kaburini, na Wanyama akaona kilichomtosha baba kinamtosha na mwana.

Awiti hakuwa na ugomvi na viazi baridi. Ugomvi wake ulikuwa na moshi. Serikali ilikuwa imeyapiga marufuku makanisa mengi, la kwao likiwamo, na tangu hapo walikuwa wakisali chumbani, madirisha yamefungwa, nyimbo wakizinong'ona. Mlango unaweza kuufunga na wimbo unaweza kuunong'ona, lakini moshi ambao haupo utauficha vipi? Mtaa mzima wa pale Mengo, Kampala, ulikuwa ukitoa moshi asubuhi, mchana na jioni, isipokuwa nyumba moja, siku moja. Na aliyeliona hilo hakuwa mtu mwingine ila Dawudi, mkuu wa mtaa.

"Mama Nafuna," alimwambia siku moja wakikutana bombani, "nyumba yako Jumamosi hapana toa moshi. Nyinyi mnakura nini?"

Alisema huku akicheka. Awiti naye alicheka, kwa sababu mkuu wa mtaa akicheka ni lazima ucheke, kisha akarudi nyumbani akaketi chini mlangoni.

Aliyewaokoa alikuwa Bi Hajara, jirani yao wa ukuta kwa ukuta, mke wa Hamdun muuza viungo, watu ambao wazee wao walikuja Kampala na misafara kutoka pwani wasirudi tena. Bi Hajara alikuwa mnene, mchangamfu, asiyeweza kukaa na jambo la jirani bila kulitia mkono. "Mbona kitu chepesi," alisema. "Jumamosi nitakuja na kuni zangu na kiberiti changu nipike jikoni mwako. Moto wangu, sufuria yangu, mikono yangu. Moshi ndio wako."

Wanyama alikataa. Amri ya Sabato, alieleza, haikumtaja mwenye nyumba peke yake. Imewataja watoto, watumishi, wanyama wa kufugwa, na hata mgeni aliyemo ndani ya malango. Bi Hajara akifanya kazi ndani ya malango yao, dhambi ni yao.

"Malango gani, Baba Nafuna?" Bi Hajara aliuliza, akilitazama lile banda la mabati lililokuwa jiko, limeegemea uani bila mlango wala dirisha. "Hapa hata mbuzi hapigi hodi."

Basi yakazuka mashauri ya siku mbili kuhusu malango ya Wanyama yanaishia wapi. Mwishowe yeye mwenyewe aliamua kwamba banda ni mali ya mwenye nyumba, na mwenye nyumba anakaa Masaka, kwa hiyo banda haliko ndani ya malango yake. Siku sita za wiki lilikuwa jiko lake, na siku ya saba lilikuwa nje. Awiti hakulielewa vizuri jambo hilo, lakini aliposhukuru Mungu alimshukuru kwa yote mawili, kwa banda na kwa mwenye nyumba kukaa mbali.

Ijumaa hii alikuwa akiupuliza moto wa maharage yake, macho yanamtoka machozi, aliposikia gari likisimama barazani ambako mumewe alikuwa akishona.

*

Sajenti Faustino alikuwa akikaa mwisho wa barabara, kwenye nyumba ya ghorofa iliyoachwa na Wahindi. Mtaani walimjua kwa mambo mawili: redio yake kubwa, na kuwa alikuwa hasalimii. Alishuka na furushi, akalitupa juu ya cherehani ya Wanyama, juu ya gauni la mtu lililokuwa linapindwa.

"Fundi, hii kitambaa. Koti na suruali. Vifungo iko, tepe iko. Kesho jioni mimi nachukua. Jumatatu iko gwaride."

Wanyama alifungua furushi. Kaki nzuri, nzito, ya zamani, ambayo haikuwa ikionekana tena madukani. Vifungo vinne vya shaba na tepe tatu za usajenti. Awiti alikuwa amefika mlangoni, ameshika mwiko. Aliona mumewe akilitazama jua.

"Afande, nguo hii ni kubwa," Wanyama alisema. "Nipe mpaka Jumapili jioni. Itatoka safi sana."

"Jumapili mimi nakwenda misa. Mtu nafanya kazi Jumapili? Wewe hapana Mkristo?"

"Ni Mkristo, afande."

"Sasa kesho iko nini?"

Wanyama aliinama akavihesabu vifungo upya. Nafuna alikuwa amesimama karibu yake na futi kamba mkononi, kwani ilikuwa kazi yake kushika ncha moja baba anapompima mtu. Sajenti aliinama kidogo, akamtazama Wanyama usoni vizuri, kama anayetafuta mtu aliyemsahau.

"Wewe iko watu ya Jumamosi?"

"Hapana, afande."

"Hapana nini? Sema vizuri."

"Mimi si wale."

"Nguvu! Mimi nataka sikia."

"Mimi si wale, afande!"

Barabara yote ilisikia. Mwanamke aliyekuwa akipita na ndizi kichwani aliharakisha hatua. Sajenti aliridhika, akampiga Wanyama kofi dogo la shavuni, la kirafiki, lile la kumpiga mtoto aliyejibu hesabu vizuri. Kisha akainua mikono apimwe. Wanyama alimpima kifua, bega na kiuno, na Nafuna akashika ncha yake. Alipokuwa anaondoka Sajenti alitoa garini mfuko wa karatasi akampa mtoto. Ulikuwa na sukari, karibu ratili nzima. Nyumba ile ilikuwa imekunywa chai bila sukari tangu mvua za mwanzo.

"Asante, afande," Nafuna alisema. Mtoto alifundishwa adabu.

Jua lilizama wakati maharage yangali magumu. Awiti aliyaepua hivyo hivyo. Wanyama alikunja kaki, akaifunika cherehani kwa shuka kama kila Ijumaa, akaingia ndani na kuongoza sala. Alipofika mahali pa kushukuru kwa wiki iliyopita aliparuka, akaendelea na mengine.

"Utafanyaje?" Awiti alimwuliza baada ya Nafuna kulala.

"Sijui."

"Wewe ndiye mwanamume wa nyumba hii."

"Nimekwambia sijui, Mama Nafuna. Unataka nikudanganye?"

*

Asubuhi alishona. Awiti alikuwa ameketi chumbani na Nafuna, Biblia mapajani, na kutoka barazani alisikia cherehani ikianza. Ikalia kidogo, ikanyamaza. Moyo wake ukaruka kwa furaha: ameacha! Papo hapo furaha ikageuka hofu: ameacha, sasa tutauawa. Cherehani ikaanza tena, na Awiti akapata nafuu, kisha akaona haya kwa nafuu ile. Ilikuwa hivyo mpaka saa saba. Hajawahi kuchoka namna ile hata siku za kulima kwa mama yake kule Nyanza, naye siku nzima hakuinua kitu kizito zaidi ya kitabu.

"Mama, baba anafanya kazi," Nafuna alisema.

"Ninasikia."

"Leo si Sabato?"

"Ni Sabato. Soma."

Bandani Bi Hajara alikuwa anakaanga vitunguu na kuimba. Moshi wake ulipanda vizuri, na safari hii haukuwa na kazi yoyote, maana nani angewashuku watu ambao cherehani yao inalia barabarani mchana kweupe?

Koti lilitoka zuri. Hilo ndilo lililomwudhi Awiti kuliko yote. Alitazamia lipindike, mkono mmoja uwe mrefu, Mungu aonyeshe japo kwa uzi kwamba amekasirika. Koti lilikaa sawa, kola imesimama, vifungo vinang'aa. Wanyama alilitundika ukutani, akanawa mikono mara mbili, akavaa shati jeupe la Sabato, akakaa kitini kumngoja Sajenti.

Sajenti hakuja.

Hakuja jioni ile wala Jumapili baada ya misa. Jumatatu ya gwaride ilipita na koti lingali linaning'inia. Jumanne Bi Hajara aliingia bila hodi, akaurudisha mlango nyuma yake, na kwa mara ya kwanza tangu Awiti amjue alizungumza polepole.

"Mmesikia ya Faustino? Hamdun ameyapata dukani. Askari wenzake wenyewe wamemchukua. Ijumaa ile ile, magharibi, alipotoka hapa. Wanasema kulikuwa na njama. Nyumba imefungwa, yule mwanamke wake amekimbia na redio."

Wanyama alikuwa ameshika kikombe. Alikiweka chini.

"Ijumaa?"

"Ijumaa."

"Kwa hiyo Jumamosi, nilipokuwa nashona..."

"Ulikuwa unamshonea mtu ambaye hayupo, Baba Nafuna. Pole sana."

Watu wote watatu walilitazama koti. Tepe tatu za usajenti, katika nyumba ya fundi Mkenya, wakati Wakenya wengi walikuwa wamekwisha kurudi kwao kwa usalama, na mwenye tepe ameshikwa kwa uhaini. Mtu alikuwa anapotea kwa makosa madogo kuliko hayo.

"Lichome leo," Bi Hajara alisema.

"Na akirudi?" Wanyama aliuliza. "Wengine huachiwa. Akija akaniambia, fundi, kitambaa changu kiko wapi?"

Hilo nalo lilikuwa kweli.

Wiki ilikwenda hivyo. Lichomwe, lisichomwe. Awiti alilitia pamoja na suruali yake ndani ya godoro, kati ya majani, akalishona tena godoro, na kila akijigeuza kitandani aliona kifungo kinamchoma mbavu hata kama hakikuwa karibu. Wanyama alikonda. Hakuwa anauliza kama watauawa. Alikuwa anauliza kitu kingine.

"Kama ningekataa," alisema Alhamisi, anakula huku haoni anachokula, "Faustino asingekuja kunikamata. Alikuwa ameshashikwa. Ningekaa na Sabato yangu salama. Sasa ni nani aliyenijaribu, Mungu au mtu aliyekwisha kuondoka?"

"Ungejuaje?"

"Ndiyo hivyo. Ningejuaje. Imani si ndiyo hiyo?"

Awiti alikasirika. "Imani yako ingemlea Nafuna? Kula."

Sukari ilikuwa rafuni, haijaguswa. Wanyama hakuikataza na hakuna aliyethubutu kuifungua, ila Awiti alijua kwamba kona moja ya mfuko ilikuwa na unyevu, na kwamba ulimi wa Nafuna ndio ulioutia.

*

Jumamosi iliyofuata walikuwa katikati ya wimbo wa pili, wakiunong'ona, wakati Bi Hajara alipougonga ukuta kwa mwiko.

"Mama Nafuna! Toka upesi!"

Alikuwa bandani, uso umemtoka jasho. Askari walikuwa wameifunga barabara juu na chini, wanaingia nyumba kwa nyumba. Wanatafuta silaha na sare za jeshi. Dawudi alikuwa anawaongoza. Walikuwa nyumba ya nne kutoka hapo.

Awiti alikwenda moja kwa moja kwenye godoro, akalipasua kwa kucha na meno. Wanyama alisimama tu, kitabu cha nyimbo kingali mkononi. Vilipotoka koti na suruali, majani yamejishika kwenye kaki, Awiti alivichukua akakimbia navyo bandani, na Wanyama akamfuata.

"Lete mkasi," Awiti alisema. "Likate koti vipande liungue upesi. Na vifungo vitoe, shaba haiungui."

Wanyama hakwenda popote.

"Baba Nafuna! Mkasi!"

"Ni Sabato," Wanyama alisema.

Bi Hajara alimtazama Wanyama, akamtazama Awiti, akalitaja jina la Mola wake.

"Moto amewasha Bi Hajara," Wanyama alisema haraka haraka, "na nguo kuanguka motoni si kazi. Lakini mkasi ni kazi yangu. Mkasi ndio kazi yangu hasa, Mama Nafuna. Wiki iliyopita niliushika na unaona tulipofika. Siushiki tena leo. Hata wakiniua."

Awiti alitaka kumpiga. Miaka tisa ya ndoa hajawahi kutaka kumpiga mtu huyu mpole, na pale alitaka kumpiga kwa mwiko kichwani. Wala muda wa kuutafuta mkasi mwenyewe haukuwapo. Mbwa wa nyumba ya pili alikuwa ameanza kubweka. Alimimina mafuta ya taa yote yaliyobaki, akalitia koti motoni zima zima na tepe zake na vifungo vyake, akalisukuma kwa mti, halafu suruali. Moshi ulipanda mweusi, mnene, moshi ambao Dawudi hakuwahi kuuota kutoka nyumba ile. Na harufu! Kaki inayoungua harufu yake haifanani na chakula chochote.

Bi Hajara aliingiza mkono kwenye kapu lake, akatoa samaki mkavu kutoka ziwani Ggaba, kambale mzima, akambwaga juu ya makaa bila sufuria. Ngozi ikaanza kuungua na kunuka. Samaki asiye na magamba, aliye najisi kwa imani yao, hakuwahi kuvuka kizingiti cha Wanyama, na Wanyama alikuwa anamtazama kambale yule kwa macho ya mtu aliyekwisha kupoteza hesabu ya dhambi.

"Nenda ukae barazani," Awiti alimwambia Wanyama. "Vua hilo shati jeupe."

*

Askari walikuwa wawili pamoja na Dawudi. Mmoja alikuwa mtu mzima, mwenye sauti ya kukwaruza, na ndiye aliyeingia ndani na kuvuta kila kitu chini. Alivuta masanduku na vitambaa vya wateja, akalivuta na godoro. Godoro lilikuwa limepasuka, majani nje.

"Hii nini?"

"Panya, afande," Awiti alisema. Alijishangaa jinsi lilivyomtoka.

Mwingine alikuwa kijana. Alichungulia banda, akamwona Bi Hajara anageuza kambale kwa mti.

"Nyinyi pika nini hapa? Nanuka mbaya."

"Samaki, mwanangu," Bi Hajara alisema. "Ameungua. Nilikuwa napiga soga na jirani, nikamsahau. Kaa ule."

Yule kijana alitoa sigara sikioni. "Toa moto."

Aliokota kijiti, akainama juu ya mafiga. Awiti aliona kijiti kinaelekea pale pale ambapo majivu yalikuwa mapya na laini, yamekaa kwa umbo la mkono wa koti. Chini yake shaba nne zilikuwa zinangoja. Hakufikiri. Alipeleka vidole motoni kabla ya kijiti, akachukua kaa jekundu mkononi na kumnyooshea yule kijana kwa adabu, mkono wa kushoto umeshika kiwiko cha kulia, kama anayemkaribisha mgeni chai.

Kijana aliwasha sigara yake bila haraka. Akavuta mara moja, mara mbili. Awiti alikuwa anatabasamu. Ndani ya kichwa chake hakukuwa na sala wala neno, palikuwa na uchungu tu, mweupe.

"Mama hodari," alisema yule kijana. Awiti akaliacha kaa lianguke.

Dawudi alikuwa amesimama kando, anautazama moshi. Kisha akamtazama Awiti, mkono aliouficha ndani ya khanga.

"Nyumba hii naijua, afande," alisema. "Watu wazuri. Fundi ya chelehani. Jumamosi wanapika kira mara."

Awiti hakujua, na hata baadaye hakupata kujua, kama Dawudi alikuwa anawaokoa au aliamini kweli.

Wangeondoka basi. Lakini yule mtu mzima alitoka ndani na mfuko wa sukari kwapani, akamwona Wanyama ameketi penye cherehani yake iliyofunikwa, akakumbuka kitu. Akavua shati.

"Fundi, kifungo ya mfuko ilipotea. Tia. Shaba, kama hii ingine."

Wanyama alilichukua shati. Uso wake ulikuwa umekufa.

"Cha shaba sina, afande," alisema.

"Fundi gani hapana kifungo?"

"Sina, afande. Nina cha mfupa."

"Tia hiyo."

Alitoa kifungo cha mfupa na sindano. Nafuna alisimama kando ya baba yake, mahali pake pa siku zote. Awiti aliona mumewe akitia uzi tunduni, akikosa, akitia tena. Sindano ilipanda na kushuka. Alipomaliza, mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye mkasi, mkono wa fundi wa miaka mingi. Ukafika juu yake, ukasimama. Wanyama akauinua uzi mdomoni akaukata kwa meno.

Askari hakuona lolote la ajabu. Awiti aliona. Ndani ya maumivu yake yote kilimpanda kicheko, kikubwa, cha aibu, akakimeza kwa nguvu mpaka machozi yakamtoka.

*

Jua lilizama. Bi Hajara alikuwa ameurowesha mkono wa Awiti kwa maji, akaupaka asali na kuufunga kitambaa, akaenda kwake kuswali. Ndani ya nyumba Wanyama na Nafuna walikuwa wamerudisha majani ndani ya godoro. Ulikuwa wakati wa kufunga Sabato kwa sala, na Wanyama hakusali. Alisimama mlangoni akilitazama jua mpaka ukingo wake wa mwisho ukaisha nyuma ya mapaa.

Kisha akaenda penye cherehani, akaifunua, akatwaa mkasi.

Awiti alimfuata bandani. Moto ulikuwa umekufa. Wanyama alichuchumaa mbele ya mafiga, na kwa ncha za mkasi wake, ule mkasi mkubwa ambao hakuruhusu mtu autumie kukatia hata karatasi, akaanza kufukua majivu. Akakitoa kifungo cha kwanza, cheusi, akakiweka juu ya jiwe. Akakitoa cha pili. Uzi mweusi ulioungua ulikuwa umebaki kwenye tundu la cha tatu, akaukata vizuri kabisa, kama unavyokatwa kwenye nguo ya mteja.

"Sasa naweza," alisema. "Umeona, Mama Nafuna? Sasa naweza kuvitoa."

Na hapo akalia. Alilia kwa sauti, amechuchumaa, mkasi mkononi. Awiti aliketi chini kwenye majivu pembeni yake na kumwekea mkono mzima mgongoni. Alikuwa bado amemkasirikia. Alikuwa pia anampenda, na hayo mawili hayakutaka kukaa mbalimbali hata kidogo.

Nafuna alikuja na taa isiyo na mafuta, akaiweka chini.

"Baba," alisema, "shuleni wakiniuliza niseme nini? Sisi ni wale, au si wale?"

"Sisi ni wale," Wanyama alisema.

"Si wale," Awiti alisema, wakati mmoja naye.

Mtoto alimtazama baba, akamtazama mama, akamtazama tena baba, akingoja mmoja wao aseme amekosea. Bi Hajara, aliyekwisha kuswali, aliinua sauti kutoka upande wake wa ukuta akauliza kama Jumamosi ijayo aje na kuni zake kama kawaida.